Kuagiza gombo la ukutani lenye jina la nchi yako kwa herufi za Kichina

Gombo la kwanza nililoagiza kutoka China lilikuwa na jina la Uganda. Ilikuwa zawadi ya rafiki yangu wa Kampala aliyekuwa anafungua ofisi. Lilipendeza: wino mweusi tititi, ukingo wa hariri ya rangi ya dhahabu, muhuri mwekundu chini kushoto. Likakaa ukutani karibu mwaka mzima, hadi siku mgeni mmoja Mchina aliposimama mbele yake, akalitazama kimya, kisha akauliza kwa upole ni nani aliyeliandika. Herufi ya katikati haikuwa yenyewe. Jina la Uganda kwa maandishi ya jadi ni 烏干達. Pale ukutani paliandikwa 烏乾達. Matamshi ni yale yale, gan, lakini nchi ya jina hilo haipo.

Duka lilikuwa limepokea jina kwa maandishi yaliyorahisishwa ya siku hizi, kompyuta ikaligeuza kuwa ya jadi herufi kwa herufi, na mwandishi akaandika alichopewa. Rafiki yangu hakunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, maana nilituma fedha bila kuuliza swali hata moja. Tangu hapo nimeagiza magombo mengi, ya kwangu na ya watu wengine, na haya ndiyo ninayoyafanya kila mara.

Kwa sisi wa pwani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Nyumba nyingi zina Ayatul Kursiyyu ukutani, na kila aliyepita chuoni anajua kwamba nukta moja ikihama, neno limeharibika. Khati ya Kichina nayo iko hivyo hivyo.

1. Anza na sauti, maana baadaye

Kila herufi ya Kichina ni silabi nzima, na karibu kila moja ina maana yake. Jina la kigeni linapoingia katika Kichina, silabi zake hutafutiwa herufi zenye sauti ya kukaribiana, na maana za herufi hizo huwekwa kando. Kenya ni 肯尼亚, Kěnníyà. Ukizichambua moja moja, 肯 ni kukubali, 尼 ni mtawa wa kike wa Kibuddha, na 亚 ni kitu cha daraja la pili, au kifupi cha Asia. Hakuna Mchina anayeziunganisha hivyo. Anasikia Kenya, basi. Kwa hiyo muuzaji akikueleza kwamba jina la nchi yako "lina maana" ya farasi anayekimbia au tunda imara, mshukuru, lakini usiliandike hilo kwenye kadi ya zawadi.

Zipo nchi ambazo majina yake yametafsiriwa kweli. Iceland ni 冰岛, barafu na kisiwa. Afrika Kusini ni 南非, yaani kusini na silabi moja ya neno Afrika. Côte d'Ivoire iliwahi kuitwa 象牙海岸, pwani ya pembe za ndovu, hadi serikali yake ilipotaka jina lisitafsiriwe tena. Leo China bara wanaandika 科特迪瓦, sauti tupu. Halafu kuna kundi dogo la nchi zilizofupishwa kuwa silabi moja na kuongezewa 国, nchi: Marekani 美国, Uingereza 英国, Ufaransa 法国, Ujerumani 德国. Hapo herufi zilizoteuliwa zina maana za kupendeza, yaani uzuri, ushujaa, sheria na maadili mema, ingawa nazo zilianza kama sauti. Nchi zetu hazimo katika kundi hilo, kwa hiyo mtu asikubunie kifupi cha namna hiyo kwa sababu tu karatasi ni ndogo.

Jina moja hunigusa kila nikiliona likiandikwa, nalo ni Tanzania: 坦桑尼亚, Tǎnsāngníyà. Tanganyika kwa Kichina ni 坦噶尼喀, na Zanzibar ni 桑给巴尔. Mwaka 1964 nchi mbili zilipoungana na jina jipya likatungwa, Kichina kilichukua herufi ya kwanza ya kila upande, 坦 na 桑, kikaziweka bega kwa bega, kisha kikamalizia sauti ya "nia". Muungano umo ndani ya herufi zenyewe. 坦 ina sehemu ya udongo ubavuni na maana yake ni tambarare, wazi, mkweli. 桑 ni mforsadi, mti ambao majani yake hulisha viwavi wa hariri. Nimesema maana tuiweke kando, na sirudi nyuma, lakini mwandishi mzuri huzionyesha herufi hizi mbili kwa uzito sawa, na ukimweleza sababu ataelewa mara moja.

2. Pata herufi sahihi kabla ya kumtafuta mwandishi

China bara ilianza kurahisisha maandishi rasmi mwaka 1956, na maandishi hayo ndiyo yanayotumika huko magazetini, shuleni na katika pasipoti. Lakini wanaoandika kwa brashi wengi wanashikilia maandishi ya jadi, na kwa jicho langu wana haki: 亞 ina uti na mbavu, inasimama imara kuliko 亚. Kwa hiyo unahitaji kujua sura zote mbili za jina lako. Haya ni majina ya kwetu, kwanza sura iliyorahisishwa, kisha ya jadi:

Tanzania: 坦桑尼亚, 坦桑尼亞 (Tǎnsāngníyà)
Zanzibar: 桑给巴尔, 桑給巴爾 (Sāngjǐbā'ěr)
Kenya: 肯尼亚, 肯尼亞 (Kěnníyà)
Uganda: 乌干达, 烏干達 (Wūgāndá)
Rwanda: 卢旺达, 盧旺達 (Lúwàngdá)
Burundi: 布隆迪, sura zote mbili ni moja (Bùlóngdí)
Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: 刚果民主共和国, 剛果民主共和國 (Gāngguǒ Mínzhǔ Gònghéguó)
Oman: 阿曼, sura zote mbili ni moja (Āmàn)

Wakongo wajihadhari na kitu kimoja. 刚果 peke yake haisemi ni Kongo ipi. Katika habari Wachina huongeza kwenye mabano herufi ya kwanza ya mji mkuu: 金 kwa Kinshasa, 布 kwa Brazzaville. Mabano kwenye gombo ni kichekesho, kwa hiyo chagua jina refu lenye herufi saba, au uandike 刚果 tupu ukijua kwamba pande zote mbili za mto zitalidai.

Sura ya jadi haina maana kwamba jina ni lile linalotumika Taiwan. Huko majina ya nchi kadhaa ni tofauti kabisa: Tanzania ni 坦尚尼亞, Kenya ni 肯亞, Rwanda ni 盧安達, Burundi ni 蒲隆地. Si makosa, ni desturi nyingine. Lakini ukimwambia mtu "niandikie ya jadi" bila kumpa herufi, anaweza kukuletea hizo, na ule undugu wa 坦 na 桑 nilioueleza utapotea. Mpe herufi zenyewe.

Kijapani pia kina mambo yake. Wajapani hutumia herufi za Kichina, lakini Marekani kwao ni 米国, nchi ya mchele, si 美国, na Kenya huandikwa kwa alfabeti yao ya sauti. Ukiona orodha ya majina ya nchi mtandaoni, hakikisha ni ya lugha gani kabla ya kunakili.

Uganda ndiyo yenye mitego mingi, na sasa unajua kwa nini naijua. Herufi 干 ya maandishi yaliyorahisishwa inasimama badala ya herufi tatu tofauti za jadi: 干, 乾 na 幹. Kompyuta inapogeuza hukisia tu. Katika jina la Uganda inabaki 干 ile ile. Mtego wa pili uko kwenye herufi ya kwanza: 烏 ni kunguru, 鳥 ni ndege. Tofauti yao ni mstari mmoja mdogo mahali pa jicho, na Wachina hueleza kwamba kunguru ni mweusi mno, jicho lake halionekani. Mwandishi mwenye ujuzi hakosei hapo. Anayekosea ni mtu wa dukani anayeandika oda kwa haraka kwenye simu.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika kumi. Tafuta jina katika kurasa za Kichina za ubalozi wa China nchini kwako, au katika habari za Kichina zinazotaja nchi yako pamoja na mji mkuu wake. Yakilingana mahali pawili, piga picha ya skrini. Kisha mwoneshe mtu mmoja anayesoma Kichina. Taasisi za Confucius zipo katika vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko, na kijana anayesoma huko atakusomea kwa furaha. Picha hiyo ndiyo utakayotuma kwa mwandishi. Usitume jina kwa herufi za Kilatini ukategemea atafsiri yeye.

3. Amua gombo liseme nini

Wachina wenyewe ni nadra kutundika jina la nchi peke yake. Ukutani mwao utakuta shairi, nasaha ya wahenga, au maneno manne kama 宁静致远, utulivu hufikisha mbali. Jina la nchi ni zawadi wanayoiandika zaidi kwa ajili ya wageni. Hilo halipunguzi thamani yake, ila linakupa nafasi ya kufikiri kidogo. Jina tupu linafaa sebuleni kwa mtu aliye mbali na kwao. Kwa ofisi au shule, jina kamili la serikali lina heshima zaidi: 坦桑尼亚联合共和国, herufi tisa, na hiyo 联合 ndiyo "Muungano".

Kwa zawadi kati ya pande mbili, watu hupenda neno 友谊, urafiki, likitanguliwa na vifupi vya nchi: 中坦友谊 ni urafiki wa China na Tanzania. Kifupi hicho cha 坦 kimezoeleka tangu reli ya TAZARA, ambayo Wachina wanaiita 坦赞铁路, 坦 ya Tanzania na 赞 ya Zambia. Kwa Kenya ni 中肯友谊, na hapa usikate maneno njiani. 中肯 ikisimama peke yake ni neno la kawaida la Kichina lenye maana ya kauli iliyolenga penyewe. Mgeni atadhani umetundika sifa ya mtu msema kweli.

Mtu wa mwambao ana chaguo ambalo wengine hawana. Majina ya pwani yetu yaliandikwa kwa Kichina kabla ya nchi zetu za leo kuwapo. Mwaka 1225 Zhao Rugua, ofisa wa biashara ya baharini katika bandari ya Quanzhou, aliandika habari za nchi aliyoiita 層拔 (Céngbá), sauti ile ile ya Zanj, jina la kale la Kiarabu la pwani hii, iliyomo katika jina la Zanzibar. Katika enzi ya Ming, zama za safari za Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, Malindi iliitwa 麻林 (Málín), na mwaka 1415 wajumbe wake walifika China na twiga. Mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa amefika kutoka Bengal. Wachina walimwita qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao, na mchoro uliofanywa ukaandikwa maelezo kwa mkono wa Shen Du, mwandishi wa khati wa mfalme. Kwa hiyo Mswahili anayetundika gombo lenye 麻林 anarudisha ukutani kitu chenye miaka mia sita. Niliwahi kumwagizia bibi mmoja wa Malindi gombo la namna hiyo, na nakiri sijaagiza lingine lililonipa raha kama lile.

4. Chagua mtindo wa mwandiko

Mitindo mikuu ni mitano. Wa muhuri, zhuànshū, ndio mkongwe, mistari yake ni mviringo na unene sawa; ni mzuri kwa macho lakini wengi hawausomi. Wa makarani, lìshū, ulistawi enzi ya Han. Herufi zake ni pana na fupi, na mstari wake mkuu wa mlalo huanza kama kichwa cha kiwavi wa hariri na kuishia kama mkia wa mbayuwayu. Kǎishū ni wa sanifu, kila mstari unasimama mahali pake, ndio watoto wanaoanza nao shuleni. Xíngshū ni wa mwendo, mistari inaanza kushikana. Cǎoshū ni wa kasi kabisa, hata Wachina wengi hawawezi kuusoma.

Kwa jina la nchi ushauri wangu ni lìshū au kǎishū. Jina linatakiwa lisomeke. Xíngshū unafaa ukimwamini mwandishi. Cǎoshū waachie mashairi, kwani kwa mtu asiyesoma Kichina hakuna njia ya kujua kama kilichoandikwa ni nchi yake au ni kitu kingine.

5. Ukubwa na mwelekeo

Karatasi ya kawaida ya mwandiko ina sentimita 69 kwa 138. Ikikatwa katikati kwa urefu unapata utepe wa takriban sentimita 34 kwa 138, na huo ndio unaofaa gombo la wima lenye herufi tatu au nne. Likishawambwa, yaani kubandikwa karatasi ya mgongoni na kuongezewa kingo, litazidi urefu huo, kwa hiyo pima ukuta kuanzia darini na uache nafasi ya mita mbili. Nyumba zenye dari fupi zichukue karatasi ndogo, au ya mraba.

Maandishi ya wima husomwa kutoka juu kwenda chini, na safu huanzia kulia kwenda kushoto, mwelekeo tuliouzoea kwenye Kiarabu. Ya mlalo ya jadi nayo huanzia kulia. Ukitaka ya mlalo, mwambie mwandishi wazi aanzie upande gani. Nimeona mtu akilisoma jina la Kenya kuanzia kushoto, akapata Yàníkěn, akadhani ametapeliwa.

Jina la herufi nne linakaa vizuri kuliko yote, maana misemo mingi ya Kichina ni ya herufi nne na jicho limezoea. Jina refu kama la Dar es Salaam, 达累斯萨拉姆, lina herufi sita na linataka karatasi nzima.

6. Mwandishi na vifaa vyake

Beijing kuna mtaa wa Liulichang, wa zamani na wa bei. Wafanyabiashara wetu wengi wanafikia Guangzhou, na huko barabara ya Wende Lu ina maduka ya khati, michoro na mafundi wa kuwamba. Ukiwa na siku mbili tatu za ziada katika safari yako, nenda mwenyewe. Kuona mwandishi akisaga wino, akivuta pumzi, kisha akishusha brashi ni nusu ya thamani ya zawadi. Na usishangae akiandika karatasi tatu au nne na kuzitupa zote isipokuwa moja, ndivyo inavyopaswa.

Uliza karatasi. Iliyo bora ni xuan, inayotengenezwa wilaya ya Jing, mkoa wa Anhui, kwa magome ya mti uitwao qingtan na majani makavu ya mpunga. Utengenezaji wake uliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009, mwaka ule ule na khati ya Kichina yenyewe. Xuan isiyotiwa dawa hunywa wino papo hapo, haisamehe kosa, na ndiyo inayoonyesha nguvu ya mkono. Uliza na wino. Wa kipande cha kusagwa, masizi na gundi, ukikauka hautembei. Wino wa chupa wa bei rahisi unaweza kuvuja wakati karatasi inaloweshwa ili iwambwe, na herufi ikaota ndevu.

Kutofautisha kazi ya mkono na ya kuchapwa si kazi ngumu. Shika karatasi ambayo haijawambwa na uigeuze: wino wa mkono umepenya hadi nyuma. Tazama mahali mistari miwili inapokatana, utaona weusi juu ya weusi. Tafuta mistari yenye nyufa nyeupe ndani, pale brashi ilipokimbia ikiwa nusu kavu. Wachina wanaiita weupe unaoruka. Kisha chukua kioo cha kukuzia au kamera ya simu na usogee karibu. Kazi ya mashine itakuonyesha vidoadoa, hata kwenye muhuri mwekundu. Muhuri wa kweli una unene kidogo ukiupapasa, kwa kuwa rangi yake ni mchanganyiko wa mafuta.

7. Safu ndogo ya kushoto

Watu wengi wanaisahau sehemu hii, nami ndiyo niipendayo kuliko zote. Kushoto mwa herufi kubwa mwandishi huweka safu ya herufi ndogo: mwaka, jina lake, na neno 书, ameandika. Chini yake anagonga muhuri. Gombo lisilo na safu hiyo ni kama barua isiyo na sahihi.

Mwaka huandikwa kwa mzunguko wa jadi wa miaka 60, ambapo kila mwaka una jina la herufi mbili. 2025 ni 乙巳, 2026 ni 丙午. Mwaka wa Muungano, 1964, uliitwa 甲辰, na miaka 60 ilipotimia, 2024 ukaitwa 甲辰 tena. Kenya ilipata uhuru katika 癸卯, 1963. Uganda, Rwanda na Burundi katika 壬寅, 1962. Mwombe mwandishi aweke mwaka anaoandika, na kama zawadi ni ya kumbukumbu, aongeze mwaka wa uhuru. Kwa herufi mbili tu gombo linakuwa la nchi yako hasa, si bidhaa ya rafuni.

Jina la anayepokea huandikwa juu, upande wa kulia, likifuatwa na 先生 kwa bwana au 女士 kwa bibi, kisha 惠存, tafadhali pokea uhifadhi. Jina la mtu nalo hugeuzwa kwa sauti. Juma anaweza kuwa 朱马. Lakini usikubali jina la mtu liandikwe kwa wino mwekundu. Kwao ni ishara ya mauti au ya kukata undugu. Karatasi nyekundu kwa wino mweusi au wa dhahabu haina shida, ni ya sherehe.

Kabla ya kulipa malizio, omba picha ya karatasi iliyoandikwa na uilinganishe na picha yako ya skrini, mstari kwa mstari. Fanya hivi kabla haijawambwa. Baada ya hapo kurekebisha ni kuandika upya.

8. Kuwamba

Wachina husema kazi ni sehemu tatu mchoro, saba kuwamba. Karatasi ya xuan iliyoandikwa hukunjamana. Fundi huilowesha, huipaka mgongoni gundi ya wanga wa ngano, huibandika karatasi nyingine, huitandaza ubaoni ikauke, huongeza kingo za hariri, tabaka la nyuma, ufito juu na mti wa mviringo chini. Kwa mkono kazi hiyo huchukua wiki moja hadi kadhaa, kulingana na hewa. Kwa mashine ni saa chache, gundi ya plastiki kwa joto.

Lipia ya mkono ukiweza. Gundi ya ngano huachia kwa maji, hivyo gombo likichakaa baada ya miaka 30 fundi atalivua na kuliwamba upya. Gundi ya mashine haitoki bila kuichana karatasi. Kama huna muda wa kusubiri, beba karatasi iliyoandikwa bila kuwambwa. Unaweza hata kuikunja kwenye bahasha, kwa sababu mikunjo ya xuan hunyooka ikiloweshwa wakati wa kuwamba. Ila usiipeleke kwa fundi wa fremu asiyeijua karatasi hii akaibandika kwa gundi ya mbao. Mwambie aiegemeze tu kwenye kadi na kuishika kwa pembe za juu, nyuma ya kioo.

Rangi ya hariri iwe tulivu, samawati iliyopauka au rangi ya chai. Nyekundu na dhahabu kali hula herufi.

9. Kulifikisha na kulitundika

Beba gombo mkononi ndani ya boksi lake, usilitie kwenye sanduku la mizigo mizito. Likifika, lifungue siku kavu na uliache litandike saa chache mezani kabla ya kulitundika.

Adui wa gombo Mombasa, Dar au Unguja ni unyevu, jua, na mende. Gundi ya ngano ni chakula kwa mende na kwa wale wadudu wembamba wa fedha wanaokula vitabu. Chagua ukuta wa ndani, usiopakana na bafu wala kupigwa na mvua, mbali na dirisha la jua la alasiri na mbali na upepo wa kiyoyozi, ambao hulifanya lijipinde kingo. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji kisiliguse, wala dawa ya kupulizia wadudu.

Masika ikikaribia, likunje mapema, kabla mvua hazijaanza. Gombo lililokunjwa likiwa na unyevu huota ukungu ndani kwa ndani. Anza kukunja kutoka chini, ukizungusha ule mti wa mviringo polepole, bila kukaza. Funga utepe kwa kulegeza, tia kwenye mfuko wa pamba, kisha kwenye boksi. Nje ya boksi andika kwa penseli jina la nchi, herufi zake moja moja, mwaka, na upande upi ni juu, ili atakayelifungua siku usipokuwepo asilitundike kichwa chini.